Fundi wa suti jirani na Soko la Chifu Kingalu: kupanua na kupunguza

Kama umeoa karibuni na suruali zimeanza kukubana kiunoni, nenda kwa huyu mzee hapa Morogoro. Yuko kwenye vibanda vya mafundi jirani na Soko la Chifu Kingalu, ana cherehani ya miguu na pasi ya mkaa. Suti mpya anashona vizuri, ila mimi namsifia kurekebisha.

Suti yangu ya harusi ilikuwa kiuno 36. Enzi za ubachela chakula changu cha uhakika kilikuwa chipsi mayai za usiku. Ndoa ikaleta chapati asubuhi, wali wa nazi mchana, na usiku tunasubiriana hata saa tatu ili tule pamoja, mwenzangu akinipakulia tena kabla sijasema nimeshiba. Watu wakawa wananipongeza: "Ndoa imekukubali!"

Mzee aliponizungushia tepu ikasoma inchi 38. Hakunitania. Aliandika vipimo na tarehe kwenye daftari lake, akaniambia, "Mwanangu, ukapime na presha." Nashukuru alisema, kwa sababu inchi 38 ni zaidi ya sentimita 96, na Shirika la Afya Duniani linaweka tahadhari ya kwanza kwa mwanaume kwenye sentimita 94.

Kazi yenyewe ilinifurahisha. Suruali ya suti iliyoshonwa vizuri huachiwa kitambaa cha ziada kwenye mshono wa nyuma. Alifumua pale, akatoa inchi mbili, kisha akaweka kitambaa chenye maji juu ya alama ya mshono wa zamani na kupiga pasi mpaka ikafifia. Ukiinama juani utaiona kidogo, lakini koti linaifunika.

Baadaye mke wangu, ambaye ni mwalimu, alipata uhamisho kwenda Songea. Nikarudi kula nikikumbuka, mara nyingine chai na mkate tu, na mwili ukapukutika. Mtaani kila mtu akawa na swali: "Vipi, mke kakuacha?" Lile swali linaumiza. Mtu anakutazama shingo tu, keshakuandikia talaka. Mzee aliniuliza kitu kimoja: naihitaji lini.

Safari hiyo kiuno kilikuwa 34. Kupunguza inchi nne zote kwa nyuma kungevuta mifuko miwili ya nyuma ikakaribia kugusana, na mafundi wengi ndivyo wanavyofanya. Yeye alizigawa, nyingine nyuma, nyingine ubavuni, mifuko ikabaki mahali pake. Nilimwambia akate kitambaa kilichozidi, akakataa. "Nakikunja ndani. Mama akirudi utakihitaji."

Kasoro zipo. Pa kujaribia nguo ni nyuma ya pazia la kitenge, na ukiwa mrefu miguu inaonekana. Jumamosi usiende, nguo za harusi zinamwelemea na ahadi zinateleza. Mabega ya koti hagusi kabisa, na anakueleza mapema kabla hujaacha hela.

Nililipa shilingi 6,000 kupanua na 10,000 kupunguza, kwa sababu ya kazi ya ubavuni. Nenda na viatu utakavyovalia suti, maana na urefu wa miguu anaupima upya.