Thermalright Peerless Assassin 120 SE kwenye joto la Kisumu

Kipoozi hiki cha prosesa kina mabomba sita ya shaba na feni mbili za milimita 120. Kimo chake ni milimita 155, kwa hiyo pima kasha la kompyuta kabla hujalipa: makasha membamba hayafungi mlango kikiwa ndani.

Kwa prosesa za AM4 (soketi ya AMD), washa kompyuta dakika kumi kwanza ili pesti ya zamani, ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoozi, ilainike, kisha zima, chomoa umeme na uzungushe kipoozi cha zamani kushoto na kulia kabla ya kukiinua. Ukikivuta kwa nguvu, prosesa hung'oka nacho na kupinda pini. Bamba la chuma nyuma ya bodi mama usilitupe. Hutumika tena, na litaanguka usipolishika wakati wa kufungua skrubu.

Toa karatasi ya plastiki iliyo chini ya kipoozi (wengi huisahau, halafu wanalaumu feni!). Weka pesti kiasi cha punje ya njegere. Ondoa feni ya katikati ndipo bisibisi ndefu ifikie skrubu mbili, uzikaze kwa zamu, mizunguko michache kila upande. RAM (vijiti vya kumbukumbu) ikiwa ndefu, inua feni ya mbele.

Hakuna feni inayoshusha joto chini ya lile la chumba. Chumbani kukiwa na nyuzi 31, joto la prosesa huanzia hapo. Vumbi na wadudu wa ziwani huziba mapezi (vibamba vyembamba vya kipoozi), hivyo pulizia kila miezi mitatu, feni umeishika isizunguke.

Kwa prosesa ya wati 65, kipoozi hiki ni cha kupita kiasi. Kwa wati 105, kinafaa kabisa.