Kutembezwa Dar es Salaam na mwongozaji wetu wenyewe: uzoefu wangu

Wenyeji wetu wa Tabata walicheka sana waliposikia tumelipa pesa ili tutembezwe Posta na Kariakoo. "Si mpande tu daladala?" shangazi aliuliza. Wengi wetu ndivyo tunavyofikiri: kutembezwa na mwongoza watalii ni mambo ya wageni, tena wanaokwenda Serengeti au Kilimanjaro. Naandika haya kwa sababu naamini tunajinyima kitu kizuri, na kwa sababu nilipokuwa natafuta maoni ya Mtanzania mwenzangu aliyewahi kufanya hivi sikupata hata moja.

Tulikuwa tumetoka Sumbawanga kuja harusini. Baba ni mwalimu mstaafu, umri umeenda lakini akili iko timamu kabisa; mama magoti yanamsumbua. Wote wawili Dar es Salaam waliyoijua ilikuwa ya stendi ya mabasi na Muhimbili. Harusi ikaisha, ndugu wakarudi makazini, na sisi tukawa na siku ya kukaa bure. Nikaona badala ya wazee kushinda sebuleni wakiangalia televisheni, nitafute mtu wa kututembeza.

Kampuni za kutembeza wageni mjini ziko nyingi, ila karibu zote maelezo yake yapo kwa Kiingereza na bei ziko kwa dola. Moja ndogo ilinijibu kwa Kiswahili na kukubali kulipwa kwa shilingi: gari dogo, dereva, na mwongozaji wa kwetu peke yetu kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni, jumla laki mbili na nusu kwa watu watatu. Zipo ziara za kuchangia, ambako unaunganishwa na watu usiowajua, na bei yake ni nafuu. Ukiwa na wazee usizifikirie. Kundi likitembea haraka mzee anaona haya kusema amechoka, na akitaka kukaa mahali nusu saa, nani atamngoja?

Kijana aliyekuja kutuongoza alianza vizuri tangu getini. Akawaamkia wazee, akamfungulia mama mlango wa mbele ili akae pale penye nafasi ya kunyoosha miguu, halafu akamgeukia baba: "Mzee, kabla sijaanza kusema, naomba kujua nyumbani ni wapi." Baba akamwambia amezaliwa Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, maisha ya kazi ameyamalizia Sumbawanga. Kijana akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi leo kuna nyumba lazima nikuoneshe." Nyumba yenyewe haikuwa kwenye ratiba niliyotumiwa.

Tulianzia soko la samaki la Feri, jirani na Ikulu, na ushauri wangu ni mmoja: nendeni asubuhi mapema. Mnada ndio umepamba moto, wachuuzi na mama lishe wamezunguka meza, dalali anapaza sauti, na bei inapanda kwa ishara za vidole ambazo usipoelekezwa huzioni. Mama amekulia samaki wa ziwani, migebuka na dagaa; pweza alikuwa hajawahi kumwona akiwa mbichi. Alisimama mbele ya bwana mmoja aliyekuwa anampiga pweza kwenye sakafu ya zege, anamwinua na kumbamiza, anamwinua na kumbamiza, mpaka mikia ikalegea. Kijana hakutukimbiza. Alimfahamu yule bwana kwa jina, akamwomba amweleze mama mwenyewe, na mama akafundishwa kwamba pweza asiyepigwa hata ukimchemsha kutwa nzima atabaki mgumu kama raba. Tukanunua vipande vilivyokwisha kukaangwa kule nyuma kwa wakaangaji, tukala na ndimu na pilipili tukiwa tumesimama. Kama angekuwa ametupitisha pale kwa dakika kumi ili kuwahi ratiba, mama angeondoka na harufu tu.

Makumbusho ya Taifa sitayasema sana, maana hayo unaweza kwenda mwenyewe na ukaelewa. Yalifunguliwa mwaka 1940, na humo utakuta habari za Zinjanthropus, lile fuvu la zamadamu wa Olduvai lililopatikana mwaka 1959, utakuta Vita vya Majimaji, na nje kuna kumbukumbu ya waliouawa kwenye mlipuko wa ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998. Baba alibaki muda mrefu kwenye picha za Majimaji. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni, beba kitambulisho. Ila hapa nina lalamiko: hakuna aliyeniambia mapema kwamba viingilio havimo kwenye ile laki mbili na nusu. Nilijulishwa tukiwa dirishani kwa mkata tiketi. Si pesa nyingi, lakini mtu aliyejibana ili kuwatoa wazazi wake anastahili kujua gharama zote kabla hajatoka nyumbani.

Kuanzia hapo tukaenda upande wa bandari, na hapa ndipo niliposhukuru kwamba tulikuwa na mtu wetu. Yule kijana alikuwa na bahasha ya picha za zamani alizozichapa na kuzitia plastiki. Anakusimamisha mahali, anakupa picha, anakwambia tazama, kisha inua macho. Kanisa la Azania Front, lile la Kilutheri lenye vigae vyekundu ambalo Wajerumani walianza kulijenga mwaka 1898, kwenye picha lilikuwa peke yake ufukweni, nyuma hakuna kitu ila minazi. Leo limezungukwa na maghorofa ya vioo. Mbele kidogo ni Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902. Mama aliingia, akapiga goti kwa shida, akasali rozari yake yote, na sisi tukamsubiri nje kivulini bila mtu kuangalia saa.

Halafu akatupeleka kwenye ile nyumba. Ipo barabara ya Sokoine, ukutani imeandikwa Atiman House, na ni miongoni mwa nyumba kongwe kabisa za mji, ya tangu enzi za Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860, yeye ndiye aliyeamua kujenga mji hapa penye kijiji cha Mzizima. Baadaye ilikuja kuwa nyumba ya mapadri wa White Fathers. Nimepita barabara ile kwenye teksi, na nisingeitazama mara mbili.

Baba alilisoma jina, akavua kofia.

Kwa wasio wa kwetu: Adrian Atiman alikuwa mtoto wa nchi za mto Niger, Afrika Magharibi. Alikamatwa utumwani akiwa mdogo, akavushwa jangwani, mapadri wakamkomboa kule Algeria, akapelekwa Malta kusomea udaktari. Mwaka 1889 akafika Karema, na hakuondoka tena. Alitibu watu wa pande zile mpaka uzeeni, akafariki mwaka 1956. Sumbawanga kuna hospitali yenye jina lake, na sisi sote tumetibiwa pale. Ila baba alikuwa na la zaidi. Alimwambia kijana kwamba mama yake, yaani bibi yangu, alitibiwa kwa mkono wa Dakta Atiman mwenyewe, na kwamba nyumbani kwao bibi alikuwa akimtaja kila inapoletwa dawa ya aina yoyote. Mimi ni mtoto wake, na habari ile nilikuwa sijawahi kuisikia.

Kijana akatoa daftari. Akaomba ruhusa ya kuandika. Akamuuliza baba maswali ambayo mwanafunzi mzuri angemuuliza mwalimu wake: bibi aliugua nini, walitembea siku ngapi kufika Karema, Dakta alikuwa akizungumza nao kwa lugha gani. Mlinzi wa nyumba ile naye akasogea kusikiliza, akaleta kiti kwa ajili ya mama. Tulikaa pale karibu saa nzima, na nyumba yenyewe hata hatukuingia ndani. Hiyo ndiyo sababu hasa nasema lipieni mwongozaji wa peke yenu. Mtu anayeijua historia ya mji yupo mbele yako, na mzee wako anayeijua nusu ya pili yupo pembeni, na hakuna wageni wengine kumi wanaosubiri basi liondoke. Na mambo yote yale yalisemwa kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza baba angejibu kwa adabu, "Yes, I know him", ikaishia hapo.

Boma la Kale lipo hatua chache, nalo ni la Sultani Majid, kuta za mawe ya matumbawe na dari za boriti. Wanaopenda majengo wataona raha, sisi tulipita haraka.

Kwenye Sanamu ya Askari kuna hatari ya magari, kwa sababu ipo katikati ya mzunguko wa barabara ya Samora. Kijana alimshika mama mkono mpaka katikati. Waingereza waliiweka mwaka 1927, kukumbuka Waafrika wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Bunduki ya askari, yenye singe, imeelekezwa bandarini. Watu wengi hupiga picha na kuondoka. Kijana alituzungusha tusome maandishi, ambayo yapo kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, na humo wametajwa pia wapagazi, kwamba wao ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Akatwambia, "Shikeni hilo la wapagazi, tutalikuta tena mchana." Kweli, baada ya pilau ya Kisutu na kahawa chungu na kashata, tulipofika Kariakoo ndipo akalifungua: Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 eneo lile waliligeuza kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na watu wakalitamka wanavyoweza. Baba akanyamaza, kisha akasema kwamba hata kwetu Ufipa walichukuliwa watu kubeba mizigo ya vita ya Mjerumani na Mwingereza, na wapo ambao familia zao zinawasubiri mpaka leo.

Tulilizunguka soko lenyewe, lile lenye paa za miavuli ya zege, kazi ya msanifu Mtanzania Beda Amuli ya miaka ya 1970, lililoungua Julai 2021. Kwa msongamano wa Kariakoo mwongozaji ni lazima ukiwa na wazee. Anajua uchochoro wenye kivuli, anajua duka ambalo mama atapewa kiti hata kama hanunui, na simu yako anakwambia uiweke wapi. Tukamalizia mtaa wa Lumumba, mahali TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Baba alitaka kusimama tu pale, akasimama.

Mapungufu ninayo mengine mawili. Kiyoyozi cha gari kilikuwa kinatoa upepo usiopoza, na joto la Dar mchana si la kumfanyia mzee majaribio. Dereva alijua, ofisi ilijua, nasi tulipaswa kuambiwa au kubadilishiwa gari. La pili, ratiba yao ilikuwa imetenga saa nzima kwa duka la vinyago mchana. Nilipouliza kama ni lazima, kijana alisema hapana na akaliondoa bila kununa, ila naona wazi kwamba mteja mpole angepelekwa na kukaa pale huku muda wake ukiyeyuka. Ukitumiwa ratiba, kata mapema maduka usiyoyataka.

Kwa pesa niliyolipa, nasema ilistahili, na ningelipa tena. Laki mbili na nusu ni nzito kwa mtu mmoja. Kwa familia ya watu watatu au wanne, kwa siku nzima na gari, inabebeka, hasa ukikumbuka kwamba teksi peke yake kwa mzunguko ule na foleni ile ingekula sehemu kubwa. Mwishoni nilimpa kijana ahsante yake mkononi, kando ya malipo ya ofisi, maana kazi yake ilizidi alichoajiriwa.

Ukitaka kujaribu, usikubali kuunganishwa na "mwongozaji yeyote atakayekuwepo". Omba kuzungumza naye kwa simu siku moja kabla, kwa Kiswahili, umwambie unakuja na nani, wana umri gani na wametoka wapi. Anayekuuliza maswali mchukue. Anayekutajia orodha ya vituo tu, mwache. Jumapili makanisa yana ibada na maduka mengi ya Kariakoo yamefungwa, kwa hiyo chagueni siku ya kazi, mfike Feri kabla ya saa mbili, na Kariakoo mmalize kabla foleni ya jioni haijaanza.