Renjifainda ya leza ya wawindaji: vile inafanya kazi Nakuru na Saiwa

Hii ni rivyuu ya renjifainda ya leza, ile kifaa ndogo unaweka jichoni, unabonyeza, inakuambia kitu kiko mita ngapi kutoka mahali umesimama. Yangu ni ile ya wawindaji, si ya gofu wala ya fundi wa nyumba, na najua kuna mtu atauliza hapo hapo Mkenya anafanya nini na kifaa ya kuwinda na uwindaji wa kujifurahisha ulipigwa marufuku huku kwetu tangu 1977. Mimi natembeza wageni, wale wa kuangalia ndege na wa kupiga picha wanyama, nikitokea Nakuru, na kuna nyakati naitwa kusaidia kazi ya kuhesabu wanyama. Kwa hizo kazi mbili sijaona kitu ingine inanisaidia kama hii kwa hiyo bei, na ndio maana nimeamua niandike yote ninayojua juu yake, kwa sababu vijana wengi wanaoingia kwa hii kazi ya utalii wananiuliza wanunue gani.

Niliuziwa na mteja, mzee Mmarekani ambaye kwao Wisconsin anawinda kulungu kwa upinde, alikuwa anataka mpya akirudi nyumbani akaniachia hii kwa Ksh 12,000. Ni ya kiwango cha kati: inakuza mara 6, lenzi ya mbele ni milimita 21, inaingia mfuko wa shati, betri moja tu ya CR2. Brandi sitaitaja maana hizi za bei ya katikati zinafanana sana ndani, kinachozitofautisha ni modi na skrini, nitafika huko.

Vile inafanya ni rahisi kuelewa. Inatupa mipigo ya mwanga wa infraredi ambao jicho haliuoni, nyingi ya hizi zinatumia ule wa nanomita 905, mwanga unagonga mnyama au mti unarudi, na ndani kuna kitu kinapima umechukua muda gani kwenda na kurudi. Mwanga unakimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hivyo kitu kikiwa mita 100 safari nzima ni kama nanosekunde 667, na bado hiki kidude kinakosea labda mita moja tu, mimi hiyo inanishangaza mpaka leo. Hakuna doti nyekundu inayoonekana kwa mnyama kama watu wanavyodhani. Zinazouzwa kwa matumizi ya kawaida huwa za Klasi 1, yaani kiwango cha usalama kwa macho, lakini hata hivyo mtu usimlenge usoni, hiyo ni adabu na pia ni akili.

Sasa namba ya kwa boksi. Ukiona imeandikwa yadi 1,000 usifikirie utapima swara akiwa yadi 1,000. Hiyo namba ni ya kitu kinachorudisha mwanga vizuri sana, kama kibao cha barabarani. Mti huwa chini ya hapo, na mnyama chini zaidi, mara nyingi hata nusu haifiki. Watengenezaji wazuri wanaziandika zote tatu kwa kijitabu, kibao, mti na kulungu, na wewe angalia ile ya kulungu peke yake, zingine sahau. Kitu kikubwa, cheupe, bapa na kilichokuangalia moja kwa moja kinasomeka mbali, kitu kidogo cheusi kilichokaa kiupande kinasumbua. Yangu inasoma kundi la mwari wamesimama kwa matope kutoka mbali vizuri kabisa, nyati mmoja ndani ya kivuli cha migunga saa sita inanibidi nibonyeze na nibonyeze tena. Na jua kali la mchana linapunguza uwezo wake, asubuhi mapema na jioni, na siku ya mawingu, ndio inafika mbali zaidi.

Halafu angalia kama iko kwa yadi ama mita. Yadi 100 ni mita 91, na hizi nyingi zikitoka Marekani zinakuja zimewekwa kwa yadi, kwa skrini kuna herufi ndogo tu ya Y au M kwa kona. Kama ni kazi ya kuhesabu wanyama hiyo kitu inaharibu data ya siku nzima kimya kimya.

Lakini kitu kikubwa nilichopata kwa yule mzee si kifaa chenyewe, ni jinsi anavyokitumia. Kwao mwindaji wa upinde anakaa juu ya mti kwa kibanda kabla hakujapambazuka, na mshale si risasi, unashuka haraka, ukikosea umbali kwa yadi tano tu unaweza kupita juu ya mgongo au, mbaya zaidi, ukamjeruhi mnyama akaenda kufia mbali. Kwa hivyo anapima. Ila hapimi mnyama. Akifika tu anapima vitu ambavyo haviendi popote, ule mti 18, lile jiwe 27, ukingo wa kichaka 35, anaviweka kichwani, kisha kifaa kinarudi mfukoni. Mnyama akitokea, mkono hauinuki tena kwenda usoni, maana ni huo mkono ndio mnyama anauona. Alinieleza hii tukiwa tumekaa tunangoja gari na kwangu ilibadilisha kila kitu, kwa sababu karibu kila mtu nimewahi kuona na renjifainda anafanya kinyume: mnyama anatokea, mtu anapapasa mfuko, anainua, anabonyeza, mnyama ashaenda.

Mahali hii mbinu inalipa zaidi ni Saiwa, ile mbuga ndogo karibu na Kitale, kilomita mraba kama 3 tu, unaingia kwa miguu, hakuna gari. Watu wanaenda kumtafuta nzohe, wengi wetu tunamwita tu sitatunga, yule swara wa kwenye bwawa mwenye kwato ndefu, na unamngojea kwa mnara wa mbao asubuhi na mapema au jioni. Tukifika kwa mnara bado hakujakucha vizuri napima kwanza: ule mti uliokauka, ile kona maji yanapoonekana, ukuta wa mafunjo upande wa kushoto. Nawaambia wageni kwa sauti ya chini, akitokea pale ni mita 60, akitokea kule ni 110. Basi wa kamera wanajua mapema kama lenzi yao inatosha au watamuangalia tu na binokula, na wakati nzohe anatoa kichwa hakuna mtu anacheza na mfuko, kila mtu ametulia. Nzohe akishtuka anazama majini mpaka inabaki pua tu, hautampata tena asubuhi hiyo.

Pia hapo Saiwa ndio utajua umuhimu wa modi. Renjifainda ikitupa mwanga kwenye nyasi na mafunjo inapata majibu mengi kwa pamoja, nyasi ya mbele imerudisha, mnyama amerudisha, kichaka cha nyuma kimerudisha, na lazima ichague moja ikuonyeshe. Za wawindaji huwa na modi ya kuchukua kitu cha nyuma na kuacha vya mbele, yaani inapuuza nyasi iliyoko mita 8 inakupa mnyama wa mita 70. Za gofu ni kinyume, zinachukua cha mbele, kwa sababu mchezaji anataka bendera si miti ya nyuma ya bendera. Nasema hii kwa sababu Nakuru tuko na wacheza gofu wengi na zile zao za zamani zinauzwa mtumba bei nzuri, na vijana wananunua wakidhani ni kitu kimoja. Kwa uwanja wazi sawa itakusaidia, kwa msitu na kwa bwawa itakupa namba ya nyasi.

Na si hiyo tu, hata hesabu ya mteremko zinafanya tofauti. Ukisimama ukingo wa kreta ya Menengai ukalenga mwamba kule chini, namba unayopata ni ya mstari wa jicho, ule wa kushuka kiupande. Tuseme ni mita 800 na unaangalia chini kwa nyuzi 30: kwa ardhi, yaani ukichora kwa ramani, huo mwamba uko kama mita 693, na uko mita 400 chini yako. Mwindaji anataka hiyo ya 693 kwa sababu mvutano wa dunia unavuta mshale kulingana na umbali wa kulala, si ule wa kiupande, na mimi naitaka kwa sababu ramani nayo ni ya kulala. Kwa hivyo ya mwindaji, ukiwasha hiyo modi, inapunguza, uangalie juu au chini. Ya gofu ukilenga kilimani inaongeza, kwa sababu inamwambia mchezaji apige kama ni mbali zaidi. Chukua ya gofu uende nayo pale Baboon Cliff juu ya Ziwa Nakuru utumie namba yake kwa ramani uone vile utachanganyikiwa.

Kwa ziwa lenyewe, maji yaliyotulia hayapimiki. Mwanga ukigonga maji laini kwa pembe ndogo unateleza kwenda mbele haurudi kwako, unabaki na mistari kwa skrini au unapewa namba ya ng'ambo. Lenga ndege wenyewe au kitu kimetokeza, miti iliyokufa imesimama majini ni mizuri sana na tangu maji ya Ziwa Nakuru yapande yakala msitu wa kando tuko nayo mingi. Huko Kisumu nikiwa kwa mashua upande wa Dunga natumia modi ya kuskani, unashikilia kitufe namba inabadilika vile unasonga, maana mashua inacheza na mkono unacheza. Ukungu ndio adui kamili. Asubuhi ya Molo, au mvua ya kweli kweli, inasoma matone yenyewe inakuambia mita 15 na mbele yako hakuna kitu.

Kwa kazi ya kuhesabu wanyama naiheshimu zaidi ya hapo kwingine. Kuna njia mnatembea au mnaendesha kwa mstari ulionyooka, na kila mnyama mnamuandikia umbali na pembe kutoka kwa mstari, kwa sababu wa mbali wengi hamtawaona na hesabu inabidi ijue mnakosa wangapi. Mnyama wa mita 80 kwa nyuzi 30, basi kutoka kwa mstari yuko mita 40, ndio hiyo inaingia kwa hesabu. Mtu akikadiria kwa macho anapenda namba za duara, utaona daftari imejaa 50, 100, 50, 200, na hiyo inavuruga makadirio yote. Na renjifainda unaandika 43, 88, 117. Hapa tunazungumzia wanyama wetu, kuro, twiga, pundamilia, na watu wanafanya maamuzi kwa hizo namba, si kitu cha kukisia.

Kitu sipendi kwa yangu ni skrini. Maandishi ni meusi, na jua likishazama mnyama mweusi, kichaka cheusi, namba nyeusi, huoni chochote, na hiyo ndio saa wanyama wanatoka. Za bei juu zina maandishi mekundu yanayowaka, na kama una pesa ya kuongeza iongeze hapo, usiiongeze kwa kufika mbali.

Ukienda nayo mbugani mwonyeshe askari wa geti kabla hajauliza, mwache aangalie ndani mwenyewe. Kwa mbali inafanana na darubini ya bunduki na ile picha ya kwa boksi ya kulungu mwenye pembe haisaidii. Mimi nimezoea hivyo na sijawahi kukatazwa.

Kama unanunua mtumba ipime nje ya duka, usiipime ndani. Tafuta nguzo ya stima ambayo nyuma yake ni anga tupu, weka ile alama ya kulengea unayoiona ndani ya kioo kushoto kwa nguzo, bonyeza modi ya kuskani, songa polepole kwenda kulia. Isome nguzo wakati alama iko juu ya nguzo. Ikisoma kabla au baada, leza na kioo haviangalii mahali pamoja, na mnyama mdogo wa mbali utakuwa unamkosa unapima kichaka cha jirani yake. Rudia kwa juu na chini ukitumia ukingo wa paa. Fungua pia mahali pa betri uangalie kama kuna ukoko wa kijani kwa chuma.

Na betri ni CR2, pipa fupi la volti 3. Ukiuliza kwa maduka mengi utaletewa CR2032, ile bapa ya rimoti ya gari, haiingii. Jaribu maduka ya kamera, nunua mbili, moja ikae kwa begi, maana baridi ya asubuhi kule juu Mau inazima ya zamani bila kukuonya.