Lynis kwenye Debian: nilivyoikagua seva ya saccos yetu

Seva ya saccos yetu niliirithi kwa fundi aliyeondoka bila kuacha hata karatasi moja ya maelezo. Ni kompyuta ya kawaida tu, imekaa chini ya meza ofisini, inaendeshwa na Debian 12, mfumo huria wa aina ya Linux, na ndani yake zimo akiba na mikopo ya wanachama, wengi wao wakulima na mama lishe. Nilikuwa naisasisha kila wiki nikiamini inatosha. Lakini kila nikikumbuka kwamba hela za watu zimo humo, usingizi unakata: ni mlango gani umeachwa wazi na mimi sijui?

Ndipo nikaamua kuijaribu Lynis. Ni programu huria ya ukaguzi wa usalama iliyoanzishwa na Michael Boelen mwaka 2007, na inatolewa kwa leseni ya GPL. Imeandikwa kwa skripti za shell, maana yake unaweza kuifungua na kusoma inafanya nini kabla hujairuhusu iguse chochote. Kwangu hilo lina uzito sana. Chombo nitakachokipa mamlaka ya root, yaani mtumiaji mkuu asiyezuiwa chochote, kwenye seva ya hela za watu, lazima nione kilichomo ndani.

Kuiweka ni kazi ya dakika moja: sudo apt install lynis, basi. Ila hazina ya Debian 12 ina toleo 3.0.8, na lenyewe hukuambia kwamba limeshapitwa na muda. Nikalitoa, nikachukua jipya kwa git kutoka GitHub, tovuti ambako msimbo wake umewekwa. Hapo nikakutana na kizuizi kidogo: ukiiendesha kwa sudo (amri ya kuazima mamlaka ya root), Lynis inaona mafaili yake ni mali ya mtumiaji wa kawaida, inasimama na kukutahadharisha. Na ina haki, kwa sababu mtu akiweza kuyabadilisha mafaili hayo, amri zake zitaendeshwa kwa mamlaka ya root. Nikaandika sudo chown -R 0:0 lynis, nikaingia kwenye folda, nikaanza: sudo ./lynis audit system.

Haikuchukua hata dakika mbili. Mistari inashuka, kijani, njano, nyekundu: kerneli, watumiaji, nywila, mitandao, vifurushi. Mwishoni inatoa maonyo, mapendekezo, na kipimo cha uimara kati ya 0 na 100. Yetu ilipata 57.

Onyo lililonishtua ni FIRE-4512: ukuta wa moto upo, lakini hauna sheria hata moja. Yaani miezi yote ile ukuta ulikuwa jina tu. Nikaandika ss -tln kuona nani anasikiliza, nikakuta lango namba 21 liko wazi. FTP, njia ya zamani ya kuhamisha mafaili! Hakuna mtu ofisini anayeitumia, na FTP ya kawaida hupitisha nywila mtandaoni bila kuzificha. Nikaing'oa siku hiyo hiyo, nikaweka ufw, chombo cha kupanga sheria za ukuta wa moto, nikaruhusu SSH tu, ile njia salama ya kuingia kwenye seva kwa mbali. Kwa hilo peke yake, Lynis imeshanilipa.

Lakini kuna jambo lazima niseme wazi kwa anayetaka kuitumia. Lynis haibadilishi chochote. Inakuonyesha, kazi inabaki yako, na haijui seva yako inatumikaje. Chini ya namba SSH-7408 ilinipa msururu wa mapendekezo ya mipangilio ya SSH: punguza MaxAuthTries (idadi ya majaribio ya kuingia) iwe 3, zima X11Forwarding, zima AllowTcpForwarding, na mengine. Niliyafuata yote jioni moja, nikajaribu usanidi kwa sshd -t, nikaanzisha SSH upya. Kila kitu safi, kipimo kikapanda hadi 72, nikalala vizuri.

Asubuhi saa mbili simu ikaita. Mhasibu wetu. "Kaka, mfumo umegoma kufunguka, na hapa nje wanachama wameshapanga foleni."

Kompyuta yake huifikia hifadhidata kupitia handaki la SSH, yaani njia ya siri ndani ya muunganisho wa SSH, na handaki hilo ndilo nililolifunga nilipozima AllowTcpForwarding. Nilimwomba radhi, nikaurejesha mstari ule, foleni ikasonga. Jioni nikalifanya kwa utaratibu: kwa watu wote limezimwa, halafu mwishoni mwa faili nikaweka Match User, yaani kanuni ya mtumiaji mmoja, ya mhasibu peke yake, AllowTcpForwarding ikiwa local, na PermitOpen ikimruhusu kufika 127.0.0.1:3306 tu, yaani hifadhidata. Sasa ana njia yake, na njia hiyo haiendi kwingine.

Tangu siku hiyo, kila pendekezo nalisoma kwanza kwa lynis show details pamoja na namba yake, halafu nauliza ofisini nani anakitumia kitu hicho. Nabadilisha moja, nasubiri siku, naenda kwenye jingine. Na nikigusa SSH, naacha kidirisha kimoja kikiwa kimeshaingia hadi nihakikishe kwamba naweza kuingia upya.

Mapendekezo mengine hayatuhusu. Linalotaka folda za /home, /tmp na /var zikae kwenye sehemu zake za diski lingenilazimu kuipanga seva upya, kwa hiyo nimeliweka kando kwa mstari wa skip-test ndani ya custom.prf, faili la mipangilio yangu ya Lynis, pamoja na maelezo ya sababu kwa atakayekuja baada yangu. Ripoti kamili inabaki /var/log/lynis-report.dat, na kila mwezi nahifadhi nakala ili nilinganishe.

Wanaotaka kukagua seva nyingi kwa pamoja wana toleo la kulipia kutoka CISOfy, kampuni inayoitunza Lynis. Kwa seva moja kama yetu, la bure linatosha kabisa.

Leo kipimo kiko 76. Pendekezo la kuweka nywila kwenye GRUB, programu inayoanzisha mfumo kompyuta ikiwashwa, bado liko kwenye orodha, na kwa kuwa seva iko chini ya meza ambapo kila mgeni anapita, Jumamosi hii ofisi ikifungwa nalimaliza.