TAHADHARI Tabora mjini: "klabu ya utii wa mbwa" inayopokea mbwa wa bweni

Wakuu, habari za muda huu. Wenye mbwa Tabora, na nyie wa Uyui, Sikonge, Urambo na Nzega mnaotafuta wa kuwafundishia mbwa huku mjini, naomba msome hii mpaka mwisho.

Kuna watu wanajiita klabu ya mafunzo ya utii wa mbwa. Wanabandika matangazo kwenye nguzo za umeme na kuyarusha kwenye makundi ya wafugaji ya WhatsApp. Kwenye picha kuna jamaa kavaa kombati, pembeni yake mbwa aina ya German Shepherd kakaa wima kama yuko gwaride. Msiwape hela. Na kuliko hela, msiwape mbwa. Mimi niliwapa vyote viwili.

Jina la klabu siliandiki. Shauri liko polisi, RB ninayo, na hata ningelitaja lisingewasaidia kitu, maana tangu niwafahamu wameshajibadilisha jina mara mbili. Namba za simu nazo zinakuja na kupotea. Kisichobadilika ni namna wanavyokula watu, na ndiyo ninayotaka muijue.

Mbwa wangu anaitwa Kashata. Jike, rangi ni ya kashata kweli. Mama yake wa kienyeji, baba niliambiwa ni wa kizungu, ingawa sijawahi kukutana na muuza mbwa asiyesema hivyo. Ana mwaka na miezi minne. Mkali siyo. Shida yake ni kupenda watu kupita kiasi, kila anayepita karibu na geti lazima amrukie kifuani.

Sasa jirani yangu ni mzee wa swala tano. Alfajiri moja geti lilikuwa limeegeshwa tu, Kashata akatoka mbio akamkuta mzee njiani kuelekea msikitini. Miguu ya tope kwenye kanzu, ulimi mkononi. Wanaojua fiqhi ya Kishafii wanaelewa uzito wake: mate ya mbwa ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Mzee akageuza akarudi nyumbani, swala ya jamaa ikaswaliwa bila yeye. Jioni nikaenda kuomba radhi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbwa wako sina ugomvi naye, ni kiumbe wa Mungu. Ila mfunze adabu."

Angenifokea ningejisikia nafuu.

Ndipo nikaanza kutafuta wa kumfundisha. Mnajua hali ya huku kwetu. Mbwa wa kulinda mji tunafuga wengi, lakini anayefundisha utaulizia mpaka uchoke. Afisa mifugo atakuchanjia mbwa na kumpa dawa ya minyoo, kumfundisha kukaa siyo kazi yake. Kwa hiyo tangazo lilipopita kwenye kundi, nililiona kama jibu la dua. Nikapiga.

"Usijali dada yangu. Wiki 6 tu, tena anakaa bweni kwetu, wewe huna usumbufu. Utaletewa mbwa mwingine kabisa."

Hapo kwenye mbwa mwingine kabisa hakunidanganya.

Akaniambia ni mstaafu wa kikosi cha mbwa na farasi cha polisi. Sikuuliza swali hata moja la kumpima, na yeye hakuniuliza lolote kuhusu Kashata. Hakuuliza umri. Hakuuliza kama ana chanjo, kama amewahi kung'ata mtu, kama anaogopa radi. Swali lake lilikuwa moja tu: nalipia kwa mtandao gani. Nawaambia sasa hivi kwa sababu ndiyo dalili ya kwanza niliyoipita huku naiangalia. Anayejua mbwa atakuhoji kuhusu mbwa mpaka uone kero. Na kadi ya chanjo ataitaka kabla mbwa hajakanyaga uwanja wake, maana virusi vya parvo vinaweza kuishi kwenye udongo miezi mingi, na mbwa mmoja mgonjwa anawamaliza watoto wa mbwa wote waliochanganyika naye.

Kiingilio 30,000. Mafunzo 250,000, yote mkupuo, "kwa sababu nafasi zimebaki mbili." Chakula 60,000. Nilipotuma, jina lililotokea kwenye simu kabla sijabonyeza namba ya siri lilikuwa la mwanamke. Nikamuuliza, akasema laini ni ya mke wake. Nikabonyeza. Wiki ya pili akataka 45,000 za chanjo ya kichaa cha mbwa, wakati Kashata alichanjwa akiwa na miezi mitatu, akarudiwa, na kadi niliwakabidhi mwenyewe. Nikasema labda wana utaratibu wao. Wiki ya tatu 35,000 za mkanda maalumu wa shingoni. Jumla 420,000. Mjumlishie na za kutolea.

Video zikawa zinakuja kila Jumamosi. Mbwa wa rangi ya Kashata anaambiwa kaa, anakaa. Anaambiwa lala, analala. Nilikuwa nawaonyesha watu kazini kwa majivuno. Ni mwanangu wa darasa la tano aliyenitoa usingizini: "Mama, sikio la Kashata la kushoto si limechanika? Mbona la huyu zima?" Tukairudisha video nyuma. Sikio zima. Halafu pale kwa nyuma, sekunde chache tu, linapita gari na namba yake inaanza na K. Magari yetu namba zinaanza na T, wakuu. Hiyo video imepigwa Kenya, imechukuliwa mtandaoni na kukatwa kipande.

Nilipiga simu kuomba kumwona mbwa wangu. Akasema mwenye mbwa haruhusiwi kufika kabla ya wiki ya sita, mbwa akimwona anasahau yote aliyofundishwa. Kauli hiyo ndiyo kiini cha utapeli wote, na nilikuja kuelewa baadaye kuwa ni kinyume kabisa cha ukweli. Mafunzo ya utii ni ya watu wawili, mbwa na anayeishi naye. Mbwa wa polisi wenyewe hufundishwa pamoja na askari atakayefanya naye kazi. Huko Marekani, American Kennel Club wana mtihani unaoitwa Canine Good Citizen, ulioanza mwaka 1989, una vipengele 10: mgeni anakuja kukusalimia na mbwa anatakiwa atulie, mnapita katikati ya watu, mbwa anaitwa na anakuja, na kadhalika. Anayeingia uwanjani ni mbwa na mtu wake. Jamaa yetu naye alikuwa ananiandalia "cheti cha kimataifa" kwa 20,000. Hiyo angalau sikulipa.

Nikachukua bodaboda nikaenda bila taarifa. Ni nje ya mji, njia ya kuelekea Sikonge, boma limezungushiwa mabati. Aliyenifungulia ni kijana mdogo ana ndoo ya ugali wa pumba.

"Mwalimu yuko wapi?"

"Hayupo. Anakujaga siku za kupokea mbwa tu."

"Nani anawafundisha?"

"Mimi nimeambiwa niwalishe."

Mbwa walikuwa wamefungwa kwa waya, wengine juani, maji yamekauka kwenye makopo. Hakuna uwanja, hakuna kamba ya kutembezea, hakuna chochote. Kashata alikuwa chini ya mwembe. Nilimwita, akajilaza akajikojolea. Mbwa aliyekuwa anarukia kila mtu.

Alitoka kwangu na kilo 19, kwenye mzani wa afisa mifugo akasoma 13. Kupe masikioni mpaka ndani. Shingoni kidonda cha waya. Nyumbani mtu akishika ufagio tu, anaingia chini ya gari. Matibabu sitaki hata kuyajumlisha.

Jamaa nilipompigia alisema mbwa wangu ni mbishi kwa asili na mkataba hauruhusu kurudisha pesa. Mkataba gani? Sikuwahi kuuona. Siku tatu baadaye akapiga mtu mwingine, sauti ya upole, anajitambulisha kuwa wa makao makuu ya klabu, wamesikitika sana, watanirudishia zote ila nitangulize 15,000 ya kushughulikia. Huo ni mtego wa pili, wanaurusha kwa aliyekwishaliwa kwa sababu wanajua ana uchungu. Ukipigiwa hivyo, kata simu, iripoti namba kwenye 15040, na hifadhi jumbe zote za miamala, polisi watazitaka. Na kwa anayedhani kumtesa mbwa siyo kosa kisheria: tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, kufunga mnyama kwa waya hadi apate kidonda kumo humo.

Wengi wameniuliza inbox sasa wamtafute nani. Sina wa kumtaja, na ningekuwa naye ningesita. Ninachoweza kusema ni kwamba klabu nzuri unaijua kwa kukaa pembeni na kutazama. Nenda siku ya mafunzo bila mbwa wako. Wakikukatalia kutazama, umeshamaliza uchunguzi, rudi nyumbani. Wakikuruhusu, usimwangalie mwalimu, waangalie mbwa: mikia imefyatwa tumboni au inatikisika? Mbwa akikosea anapigwa, au anaelekezwa upya? Wenye mbwa wanashika kamba wenyewe, au wamekaa kwenye viti wanachezea simu? Mbwa ni wangapi kwa mwalimu mmoja? Ukiona kiboko na mnyororo wa kukaba ndiyo vifaa vya kwanza, hata kama leseni ya halmashauri imening'inizwa ukutani, ondoka. Lipa kwa kipindi, kamwe si kwa mkupuo. Anayekuhakikishia matokeo kwa idadi ya siku hajakutana na mbwa wengi.

Na kama kuna mtu bado anaamini mnyama hafunziki bila fimbo, aangalie Morogoro. Pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya akipata harufu, anasikia mlio mdogo, halafu anapewa chakula. Basi. Mmoja wao, Magawa, alitoka Tanzania akaenda kufanya kazi Kambodia na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu. Kama panya anafundishika kwa ndizi, Kashata atashindwaje?

Kwa hiyo sasa namfundisha mwenyewe, dakika tano asubuhi, tano jioni. Zawadi ni dagaa wa Kigoma mkavu, namkata vipande vitatu. Dagaa unaupitisha juu ya pua ukielekea nyuma ya kichwa, mbwa anaufuata kwa macho, makalio yanashuka yenyewe, hapo hapo unasema neno na kumpa. La kurukia watu lilikuwa gumu zaidi kwa sababu sisi wenyewe ndio tulikuwa tunamlea: akiruka tunacheka, tunamshika kichwa. Sasa akiruka unamgeuzia mgongo, kimya, kama hayupo. Miguu yote minne ikiwa chini ndiyo anapata dagaa. Nyumba nzima lazima iwe na msimamo mmoja, akiwemo binti wa kazi na mjomba anayekuja Jumapili. Neno nalo liwe moja. Sisi tulianza na "kaa", tukagundua kila mgeni akikaribishwa "karibu, kaa", Kashata naye anakaa katikati ya sebule anasubiri dagaa. Tumebadilisha, sasa ni "tulia".

Bado anaogopa ufagio. Mzee jirani alipita juzi, nikamshika Kashata kwa kamba nikiwa mbali, akatulia mpaka mzee akapita. Mzee akaniinulia mkono.

Sasa lililo la haraka. Nilipoondoka kwenye lile boma nilihesabu mbwa saba waliobaki. Polisi nimewapa maelezo, lakini mbwa hao wana wenyewe wanaotumiwa video kila Jumamosi wakiamini mambo ni mazuri. Yupo dume mweusi mkubwa mwenye baka jeupe kifuani, mguu wa nyuma wa kulia anachechemea. Yupo jike wa kijivu ana maziwa, watoto sikuwaona. Wapo wawili wanaofanana, kahawia, wana mikanda ya bluu. Yupo mdogo wa manyoya marefu meupe yaliyogandamana. Wawili wa mwisho walikuwa nyuma ya mabati, niliwasikia tu. Ukimtambua wako, njoo inbox nikuelekeze njia, na uende leo na mtu wa serikali ya mtaa. Yule jamaa wa klabu usimpigie simu kabla.