Kula kwa Haraka na Kunywa Kahawa Uingereza: Tathmini kwa Mwanafunzi Anayetoka Mbeya

Vijana wa Mbeya, Iringa na Njombe wanaojiandaa kwenda kusoma Uingereza huniuliza sana kuhusu viza, ada, chumba na koti la baridi, lakini chakula hukiacha kana kwamba kitajipanga chenyewe. Chakula cha jioni kweli hujipanga, kwa kuwa bweni lina jiko na mchele haukosekani madukani. Kinachomaliza fedha ni kile cha mchana, mwanafunzi anapokuwa na nusu saa kati ya kipindi na kipindi, njaa inauma, na viza yake inamruhusu kufanya kazi ya kulipwa saa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula. Nilisoma shahada ya uzamili Newcastle, kaskazini-mashariki ya Uingereza, na tathmini hii ni ya vitu nilivyokula na kunywa huko nikiwa safarini au katikati ya masomo. Nimevipima kwa bei, kwa shibe na, zaidi ya yote, kwa joto. Mtu aliyelelewa Uyole au Tukuyu, ambako mwezi wa Saba hakuna anayefikiria kula kitu cha baridi saa saba mchana, ataona haraka kwamba kipimo hicho cha tatu kina uzito kuliko hivyo viwili vingine.

Chakula cha mchana cha Mwingereza mara nyingi ni cha baridi, na sheria ya kodi inachangia hali hiyo. Kodi ya ongezeko la thamani nchini humo ni asilimia 20. Sandwichi ya baridi ukiinunua na kuondoka nayo haitozwi kodi hiyo, lakini chakula kilichopashwa moto ili kiliwe kikiwa moto hutozwa, na chochote utakachokaa na kukila ndani ya mgahawa, kiwe cha moto au cha baridi, hutozwa pia. Ndiyo maana muuzaji atakuuliza kwanza kama unakula hapo hapo au unaondoka nacho, kwa sababu jibu lako linaweza kubadilisha bei. Mwaka 2012 serikali ilijaribu kuongeza kodi hiyo kwenye vitafunwa vinavyotoka kwenye oveni na kuachwa vipoe vyenyewe, wananchi wakapiga kelele, na ndani ya miezi michache ikarudi nyuma. Mgeni akilifahamu jambo hili tangu mwanzo, hatashangaa kwa nini rafu za baridi zimejaa namna ile na meza za chakula cha moto ni chache.

Katika rafu hizo, kinachotawala ni ofa ya vitu vitatu: chakula kimoja kikuu, kwa kawaida sandwichi, kitafunwa kimoja na kinywaji kimoja, vyote kwa bei moja. Supamaketi nyingi kubwa zina ofa ya aina hii. Ya Tesco, ambayo ni maarufu, mwaka 2024 ilipanda kutoka pauni 3.40 hadi pauni 3.60 kwa mwenye kadi ya uanachama, na asiye na kadi hulipa zaidi. Kadi yenyewe ni ya bure na hupatikana kwa simu, kwa hiyo mwanafunzi hana sababu ya kuikosa. Kwa fedha yetu hicho ni kiasi kinachozidi shilingi elfu kumi, na kwa mtu aliyekuwa akila wali maharage kwa mama ntilie wa Mwanjelwa kinaumiza. Nashauri asipige hesabu kwa shilingi kila siku, kwa kuwa hataweza kula. Apige kwa pauni, na alinganishe na bei za huko huko.

Kama mlo, ofa hii naipa daraja la wastani. Sandwichi ya pembe tatu inayotoka kwenye friji ina mkate laini mno, na mwanafunzi aliyezoea ugali atakuwa na njaa tena kabla ya saa kumi. Thamani yake inategemea unachochagua: maji na pakiti ya krispi, yaani vipande vyembamba vya viazi vya kukaanga, hukupa kidogo sana, ilhali chupa ya juisi ya matunda iliyosagwa, ambayo peke yake huuzwa ghali, pamoja na kifuko cha mayai ya kuchemsha au karanga, hukufikisha jioni. Soma pia lebo yake kwa makini. Tangu Oktoba 2021 sheria inataka hata chakula kilichofungashwa dukani hapo hapo kabla mteja hajakichagua kionyeshe viambato vyote, na vile vinavyosababisha mzio viandikwe kwa kukoleza. Muislamu, au yeyote asiyekula nguruwe, atafaidika sana na lebo hizo, kwa sababu nyama hiyo huingizwa hata kwenye sandwichi ya kuku na hata kwenye tambi.

Baada ya hapo nafika kwa Greggs, wauza mikate na vitafunwa, ambao kwa maoni yangu ndio marafiki wa kweli wa mwanafunzi mwenye haraka. Biashara hii ilizaliwa upande huo huo wa Newcastle: John Gregg alianza mwaka 1939 kwa kusambaza mayai na hamira kwa baiskeli, duka la kwanza likafunguliwa Gosforth mwaka 1951, na leo kuna maduka zaidi ya 2,500 nchini kote. Kitafunwa chao kikuu ni soseji iliyoviringishwa ndani ya unga wa tabaka nyembamba, ndefu kama kiganja, na bei yake ni kama pauni 1.30. Ukiipata ikiwa imetoka kwenye oveni, tabaka la juu hukatika meno yanapoligusa tu, chini kunabaki kulainika kwa mafuta, na mfuko wa karatasi unapata madoa yanayoangaza kabla hujafika mlangoni. Kwa kuwa huachwa zipoe zenyewe bila kuwekwa kwenye kabati la moto, si kila saa utazipata katika hali hiyo. Uliza kwa adabu trei inayofuata inatoka lini, au nenda asubuhi na saa za mchana wateja wanapokuwa wengi na trei hazikai. Soseji hiyo ni ya nguruwe. Mwaka 2019 walileta ya mboga, yenye umbo lile lile, na walio kwenye saumu ya Kwaresima na wasiokula nguruwe wanaweza kuila wakashiba kama wenzao. Mbili, pamoja na chai ya moto, ni mlo kamili kwa siku ya kawaida, ingawa chumvi na mafuta yake si vya kula kila siku ya wiki.

Mlo ninaousifu kuliko yote niliyoitaja ni kiazi cha oveni kwa maharage. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunalima viazi mviringo kwa wingi kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya Tanzania, na maharage hayakosekani shambani wala jikoni, lakini viwili hivi hatuvikutanishi hivi. Kiazi kikubwa huoshwa, hakimenywi, huingizwa kwenye oveni kwa muda wa saa nzima au zaidi hadi ganda likauke na kukakamaa huku ndani kukiwa unga mtupu. Mhudumu wa mgahawa wa chuo hukikata msalaba juu, hukibana pembeni kwa vidole ili kifunguke, huweka siagi kwenye ule mpasuko, humimina maharage na kumalizia kwa jibini iliyokunwa, ambayo huanza kuyeyuka hapo hapo. Katika migahawa ya vyuo bei yake huwa ya chini kuliko ya mtaani, na ni chakula pekee cha bei ya mwanafunzi ambacho kilinipa shibe ninayoijua. Mwombe mhudumu akupe kijiko cha ziada cha maharage badala ya jibini ikiwa tumbo lako halijazoea maziwa. Nilipoomba hivyo sikuwahi kunyimwa.

Maharage yenyewe ni madogo, meupe, yaliyopikwa ndani ya mchuzi wa nyanya wenye sukari, na utamu huo ndio utakaomsumbua mtu aliyezoea maharage ya njano yaliyoungwa kwa kitunguu na nazi, au kwa karanga. Waingereza waliyapokea kutoka Marekani, kwani Heinz waliyauza kwa mara ya kwanza jijini London mwaka 1886, yakiwa kitu cha anasa, na leo yamo katika kabati la kila nyumba. Ukiwa bwenini usiyale yalivyo. Kaanga kitunguu na kitunguu saumu, weka pilipili ya kutosha na binzari kidogo, kisha mimina kopo lote na uache lichemke hadi mchuzi uwe mzito: utamu unapungua na ladha inakaribia ya nyumbani. Kiazi nacho kitoboe kwa uma pande zote na ukiweke kwenye maikrowevu dakika nane hadi kumi. Ganda halitakauka kama la oveni, lakini gharama ya mlo mzima haifiki pauni moja na nusu ukinunua kopo la chapa ya duka na viazi vya mfuko mkubwa.

Kahawa ni suala ambalo mtu wa Mbeya au Songwe anastahili kulizungumzia kwa uzito, kwa kuwa nyumbani kwetu Mbozi, Ileje, Rungwe na vijiji vya Mbeya Vijijini kuna kaya zilizosomesha watoto kwa mbuni. Tunailima sana na kuinywa kidogo, maana asubuhi kwetu ni chai, na kahawa chungu ya kwenye birika ni ya vijiwe vya jioni. Uingereza ni kinyume: kila kona ina duka la kahawa, na mwanafunzi mgeni hujikuta akibeba kikombe cha karatasi kwa sababu kila mwenzake anacho. Kikombe cha kahawa ya maziwa katika minyororo mikubwa ya maduka ya kahawa kinazidi pauni tatu, na katika miji mingi kinakaribia nne. Ndani yake kuna kahawa nzito ya kiasi cha vijiko vichache na maziwa ya moto yaliyojaza sehemu yote iliyobaki. Mara nyingi kahawa hiyo imechomwa hadi ikawa nyeusi, ukali wa kuungua unafunika kila kitu, na mkulima wa Mbozi aliyechuma zilizoiva tu, akazikoboa siku ile ile na kuzianika kwenye vichanja, kazi yake haionekani kabisa.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni kwamba duka la kahawa ulipie kwa ajili ya kiti, umeme na intaneti, si kwa ajili ya kahawa. Ukiwa na insha ya kuandika na chumba chako ni baridi, amerikano moja ndogo, yaani kahawa iliyoongezwa maji ya moto tu, ambayo ni ya bei ya chini kuliko zile za maziwa, itakukalisha saa mbili bila mtu kukusogelea, na hiyo ni thamani nzuri. Beba kikombe chako mwenyewe: Pret A Manger hupunguza peni 50 kwa kinywaji cha moto kwa anayefanya hivyo, na minyororo mingine ina punguzo la namna hiyo, ingawa dogo zaidi.

Kahawa ya kunywa kila siku itengeneze mwenyewe. Maduka madogo yanayochoma kahawa kwa uangalifu huandika kwenye mfuko nchi, eneo, mwinuko na namna ilivyosafishwa, na humo humo utakutana na Tanzania, wakati mwingine hata na jina la Mbeya, Songwe au Mbinga. Mfuko wa gramu 250 unaweza kufika pauni tisa au kumi, na mwanafunzi akiona bei hiyo huurudisha kwenye rafu. Asiurudishe kabla hajapiga hesabu: kwa gramu 15 za kila kikombe anapata vikombe 16, yaani kama peni 60 kimoja. Kinachohitajika ni kichujio cha plastiki cha umbo la koni, karatasi zake na birika. Mimina maji kidogo kwanza, subiri unga uumuke, kisha malizia taratibu. Kahawa ya kwetu ikitengenezwa hivyo ina uchachu safi unaokaribia wa chungwa na utamu unaobaki mdomoni, na haihitaji sukari. Wenzangu wa darasani walipoonja walitaka kujua Mbozi iko wapi, na nilifurahi sana kuwaonyesha kwenye ramani. Asiye na muda wa kuchuja abebe kopo la Africafe kutoka nyumbani, kwani kahawa na majani ya chai havina shida kwenye mizigo, tofauti na nyama na maziwa ambavyo haviruhusiwi kuingizwa.

Chai haina mengi. Wenyeji huloweka mfuko kwenye maji ya moto na kuongeza maziwa ya baridi mwishoni, na anayetaka chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja na tangawizi ataipika mwenyewe kwa majani ya Tukuyu au ya Mufindi aliyokwenda nayo.

Mambo mawili ya mwisho yanahusu saa. Jioni, supamaketi hubandika lebo za njano kwenye vyakula vinavyokaribia mwisho wa tarehe yake, na mikate, sandwichi na hata kuku wa kuokwa hushuka hadi nusu ya bei au chini zaidi. Programu ya simu ya Too Good To Go nayo huuza mifuko ya masalio ya mikahawa na maduka ya mikate kwa bei ndogo, ila huchagui kilichomo, hivyo mwenye masharti ya chakula aulize kabla ya kuila. La pili ni Jumapili: kwa sheria ya mwaka 1994, maduka makubwa ya England na Wales yenye eneo la zaidi ya mita za mraba 280 hufunguliwa kwa saa sita tu siku hiyo, na ukitoka kanisani ukapumzika hadi jioni utakuta yamefungwa, umebakiwa na vibanda vya chips na duka dogo la kona lenye bei za juu. Nunua viazi, maharage na mkate Jumamosi.