Mtutu wenye mifereji kwenye bunduki ya rangi: unaongeza shabaha?

Habari zenu wadau, karibuni. Leo nina mitutu miwili mkononi, na yote nimeshaifungua kutoka kwenye bunduki, kwa sababu mtutu uliofungwa hauchunguliwi hata siku moja. Huu wa kushoto ndani ni laini, nikiuelekeza dirishani mnaona mwanga unateleza mpaka mwisho. Huu wa kulia una mifereji. Tazameni, imezunguka kwa ndani kama kamba iliyosokotwa.

Vijana ninaocheza nao hapa Houston wameniuliza sana: nikinunua huu wa mifereji, nitalenga vizuri zaidi? Kwa vidonge hivi vya duara vyenye rangi ndani, ambavyo tunafyatuliana kwenye mchezo wa paintball, jibu langu ni hapana. Na nataka muelewe sababu yake, maana pesa niliyoutolea ingeninunulia boksi zima la vidonge 2,000.

Kwenye bunduki ya risasi halisi mifereji ina kazi kubwa. Risasi ile ni ndefu, ina ncha, na bila kuzunguka inapinduka hewani. Mifereji inaing'ata, inaizungusha, nayo inatulia kama ile pia ya mti tuliyocheza utotoni: ikizunguka inasimama wima, ikichoka inalala. Sasa kidonge hiki hapa hakina kichwa wala mkia. Kikipinduka hewani bado ni duara lile lile.

Halafu ndani kina majimaji. Hapa nimeleta mayai mawili, moja nimelichemsha, jingine bichi. Nazungusha la kuchemsha... mnaona, linakwenda vizuri. Nalisimamisha kwa kidole, naachia, limetulia. Sasa bichi. Kwanza linazunguka kwa uvivu. Nalisimamisha, naachia... limeanza tena lenyewe! Ganda lilisimama lakini ute wa ndani ulikuwa bado unazunguka. Mwanzoni ilikuwa kinyume chake, ganda lilikuwa linakwenda na ute umebaki nyuma. Kidonge cha rangi ni yai bichi. Kinakaa ndani ya mtutu kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, na hata kama mifereji itaweza kulizungusha ganda, yale majimaji hayajapata habari. Kikishatoka, majimaji yanalivuta ganda lipunguze mzunguko.

Na mifereji yenyewe itaking'ata vipi? Ganda ni jelatini, sawasawa na vile vidonge vya mafuta ya samaki. Ukilibana hadi likamatwe barabara, linapasuka humo humo. Usipolibana, linateleza juu ya mifereji. Kidonge hiki kiliundwa ili kipasuke. Kabla mtu hajafikiria kukichezea, kilitumika Marekani kuweka alama kwenye miti na ng'ombe, na mchezo wenyewe ulianza tarehe 27 Juni 1981 kule New Hampshire, watu 12 msituni, na aliyeshinda hakufyatua hata kidonge kimoja. Mimi hiyo habari huwa naipenda sana.

Sasa kinachokipeleka pembeni ni nini? Mnakumbuka faulo inayopigwa mpira ukaenda bila kuzunguka? Unayumba, kipa anajirusha huku, mpira unaingia kule. Hewa inayoachwa nyuma ya mpira inausukuma mara kulia, mara kushoto. Kidonge nacho ni hivyo hivyo. Ongeza mshono wake. Ngoja nikisogeze kwenye kamera... huu mstari unaozunguka katikati, ndipo nusu mbili za ganda ziliposhikana. Kwenye hiki unaonekana kidogo tu. Hiki cha bei rahisi mstari umevimba, na upande huu kuna kibonyeo.

Wanaoutetea mtutu wa mifereji wana hoja moja ya maana: kidonge kikizunguka, kasoro kama hiyo haibaki upande mmoja, kwa hiyo haikivuti upande mmoja tu. Ni kweli, ila lazima kwanza kizunguke vya kutosha.

Nilijaribu. Nilibana bunduki kwenye jiriwa, nikapima mwendo ukae karibu futi 280 kwa sekunde, yaani kama mita 85, nikasogea hatua 30 kutoka kwenye shabaha. Vidonge 50 kwa kila mtutu, boksi moja, asubuhi moja, na kila mtutu na kipande chake cha boksi la friji. Kisha nikamwita shemeji, ambaye hakuwepo wakati nafyatua, nikamwambia achague kipande cha mtutu wa mifereji. Akanyooshea kidole cha kwanza, akasita, akahamia cha pili, akaniambia, "Shemeji, hivi ni vilevile." Hata mimi, kama nisingeandika nyuma, nisingevitofautisha.

Tofauti niliiona kwenye usafi. Kidonge kilipasuka ndani ya mtutu laini, nikapitisha kitambaa mara mbili, ukang'aa. Kwenye huu wa mifereji rangi ilijificha kwenye kona, nikasugua na kusugua, na bado vidonge vilivyofuata vilikuwa vinakwenda kombo. Ukiwa katikati ya mchezo, hilo linauma.

Pesa yako ipeleke kwenye vidonge vizuri na mtutu unaolingana navyo. Chukua kidonge, kiweke mdomoni mwa mtutu uliofunguliwa. Kikipita chenyewe kikadondoka, mtutu ni mpana. Kikikwama, nao ukipuliza kwa mdomo hakitoki, ni mwembamba. Unataka kikae, kisha ukipuliza kitoke. Na rudia kila ukifungua mfuko mpya, hasa sisi wa Houston, maana joto na unyevu wa huku ni kama Dar ya Februari, jelatini inavimba. Vidonge usiviache ndani ya gari.

Mzunguko una mahali pake. Kidonge cha aina ya First Strike, kwa mfano, si duara: nyuma ina mapezi yaliyopinda, hewa yenyewe inaizungusha, na inakwenda mbali ikiwa imenyooka hata kutoka kwenye mtutu laini. Ila ni ghali, na haiingii kwenye chupa ya kawaida ya vidonge, inataka magazini, yaani kile kisanduku cha kuchomeka kwenye bunduki. Pia kuna mtutu wa Tippmann Flatline, ule uliopinda, unaokipa kidonge mzunguko wa kurudi nyuma ili hewa ikibebe kiende mbali zaidi. Huo unaongeza umbali, na umbali ni mada nyingine kabisa.

Jumamosi naingia uwanjani na huu laini. Mwenye First Strike anayetaka kujaribu huu wa mifereji aje auchukue, nimeshausafisha.